Nyika nje ya ua: Ardhi ya watu binafsi ndiyo inayobeba hatima ya wanyamapori

WAHENGA walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika nyanda za Athi na Kaputiei, kusini mwa jiji la Nairobi, methali hiyo haihitaji mfasiri. Fahali wa kwanza ni jiji linalopanuka mwaka baada ya mwaka. Wa pili ni haki ya mwenye shamba kuitumia mali yake apendavyo. Katikati yao zimebaki nyasi, na katika nyasi hizo wamo pundamilia, nyumbu, pofu, kongoni na twiga, ambao hawajui mpaka wa ploti umepita wapi.

Wakazi wengi wa mijini huamini kwamba wanyamapori huishi mbugani, wakilindwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS), na kwamba mbuga zikiwa salama, wanyama nao wako salama. Ukweli ni mwingine. Mbuga na hifadhi za serikali zimechukua takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya Kenya, ilhali inakadiriwa kuwa karibu theluthi mbili ya wanyamapori huishi nje ya maeneo hayo, au hukaa huko sehemu kubwa ya mwaka. Makazi yao ni mashamba ya watu binafsi, ranchi na ardhi za jamii.

Maana yake ni kwamba mustakabali wa wanyama hao umo mikononi mwa watu wenye hatimiliki. Makala haya yanaeleza jinsi hali ilivyofikia hapo, mikataba inayotumiwa kuzilinda nyasi za asili katika ardhi ya watu binafsi, sheria inavyosema, na sababu za baadhi ya juhudi hizo kufua dafu huku nyingine zikilegalega.

Mbuga isiyojitosheleza

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ndiyo kongwe kuliko zote nchini. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117. Upande wa kaskazini, mashariki na magharibi imezungushiwa ua. Upande wa kusini mpaka wake ni Mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto huo ndiko zinakoanzia nyanda za Athi na Kaputiei.

Mfumo mzima wa ikolojia unaozijumuisha mbuga na nyanda hizo una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,200. Kwa hesabu hiyo, mbuga yenyewe ni kama sehemu moja tu kati ya ishirini. Sehemu nyingine karibu zote ni ardhi ya watu.

Tangu zamani nyumbu na pundamilia wamefuata ratiba isiyoandikwa popote. Mvua inyeshapo, hutoka na kusambaa kusini, ambako nyasi fupi huwa changa na zenye madini yanayohitajiwa na majike wanaonyonyesha. Ukame uingiapo, hurudi mbugani kwenye maji ya kudumu. Kwa hiyo mbuga ni kimbilio la kiangazi, na nyanda za nje ni malisho ya masika na mahali pa kuzalia. Ukiondoa kimoja, kingine hakifai kitu.

Takwimu zinaonyesha kilichotokea njia hiyo ilipoanza kuzibwa. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2013 ulibaini kuwa nyumbu wa nyanda hizo walipungua kutoka zaidi ya 26,800 mwaka 1978 hadi chini ya 3,000 mwaka 2011. Kitaifa, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanyamapori katika maeneo ya malisho ya Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka 1977. Katika kipindi hicho hicho, kondoo na mbuzi waliongezeka kwa takriban asilimia 76.

Upungufu huo ulitokea ilhali uwindaji ulikwisha kupigwa marufuku nchini mwaka 1977. Ni dhahiri basi kuwa marufuku ya bunduki pekee haikutosha. Mnyama anaweza kuokoka risasi, lakini hawezi kuokoka kukosa mahali pa kula.

Ardhi ilivyokatwa vipande

Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu jamii za wafugaji kusajili ardhi yao kwa pamoja, zikaundwa ranchi za vikundi. Kila ranchi ilikuwa na maelfu ya ekari na wanachama waliochunga mifugo bila ua kati yao. Kuanzia miaka ya 1980, ranchi nyingi zilianza kugawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake na hatimiliki yake. Ranchi ya Kitengela, inayopakana na mbuga, ilikuwa miongoni mwa hizo.

Si haki kuwalaumu wafugaji kwa uamuzi huo. Hatimiliki ilikuwa kinga dhidi ya wanyakuzi wa ardhi na viongozi wa vikundi waliojipendelea. Aidha, iliwapa uwezo wa kukopa benki, na shida ilipobisha hodi, kama vile karo au maradhi, kulikuwa na cha kuuza.

Na kweli ardhi iliuzwa. Mwaka 1990 sheria ilianzisha maeneo maalumu ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, na eneo la Athi River likawa kitovu chake. Wafanyakazi walihitaji makao, na miji ya Kitengela na Athi River ikakua kwa kasi. Shamba la ekari mia likawa mashamba kumi, na shamba la ekari kumi likawa ploti za hamsini kwa mia. Zikafuata seng'enge, kuta za mawe, machimbo na nyumba za kukodisha.

Jambo ambalo mnunuzi wa ploti halioni kwa urahisi ni kwamba nyasi za nyika hustawi kwa mwendo. Kundi hupita, hula, hukanyaga, huacha samadi, kisha huondoka, na nyasi hupata muda wa kuchipua. Uwanda ukikatwa kwa ua, ng'ombe hubaki mahali pamoja hadi udongo ukawa mtupu, ilhali upande wa pili nyasi zisizoliwa hurefuka, zikakauka na kupoteza ladha. Hata ndani ya Mbuga ya Nairobi nyasi zilirefuka makundi makubwa yalipopungua, na uchomaji wa mpango umekuwa mojawapo ya njia za kuzirudisha katika hali inayofaa.

Pakilimwa, hasara ni kubwa zaidi. Katika nyanda za Loita, kaskazini mashariki mwa Maasai Mara, kilimo cha ngano kwa matrekta kilichukua sehemu kubwa ya mazalio ya nyumbu. Watafiti walikadiria kuwa nyumbu wakazi wa eneo la Mara na Loita walishuka kutoka kama 119,000 mwaka 1977 hadi kama 22,000 mwaka 1997.

Shilingi 300 kwa ekari

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kukodi ardhi ya wafugaji wa Kitengela kwa ajili ya wanyamapori. Masharti yake yalikuwa mepesi kueleweka. Mwenye shamba alibaki na hatimiliki yake na kuendelea kuchunga mifugo yake. Alichokubali ni kutojenga ua, kutolima, kutouza ardhi wakati wa mkataba na kutowadhuru wanyama. Kwa hayo alilipwa shilingi 300 kwa kila ekari kwa mwaka. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, mwanzoni mwa mihula ya shule, kwa sababu karo ndiyo iliyowasukuma wengi kuuza.

Familia yenye ekari mia moja ilipata shilingi 30,000 kwa mwaka. Wakati ule hizo hazikuwa fedha za kudharauliwa, na mpango ulianza na familia chache ukafikia mamia. Jambo la maana zaidi ni kwamba fedha hizo zilikuja hata mwaka wa ukame, ng'ombe walipokuwa wakifa na bei ya mnadani ikianguka.

Hata hivyo, mpango huo ulikuwa na udhaifu wa aina mbili. Kwanza, fedha zilitoka kwa wafadhili, na mfadhili akiondoka malipo husita. Pili, bei ya ardhi haikusubiri. Kila barabara mpya ilipokamilika na kila kiwanda kilipofunguliwa, pengo kati ya kodi ya uhifadhi na fedha za dalali wa ploti lilizidi kupanuka. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja hauwezi kushindana na mnunuzi anayelipa taslimu.

Mfano wa Mara

Magharibi mwa nchi, wenye ardhi waliopakana na Hifadhi ya Maasai Mara walichukua njia nyingine. Ranchi za vikundi zilipogawanywa, kila familia ilipata kipande ambacho peke yake hakikutosha kuvutia watalii wala kulisha kundi kubwa la ng'ombe. Wenye vipande hivyo wakaviunganisha tena, safari hii kwa mkataba. Hifadhi ya Olare Orok ilianzishwa mwaka 2006, na ile ya Naboisho mwaka 2010 ikiwa na takriban ekari 50,000 na wenye ardhi zaidi ya 500.

Kambi za watalii hukodi ardhi hiyo kwa mikataba ya muda mrefu. Kodi hulipwa kwa kiwango kilichokubaliwa, wageni wawe wengi au wachache, na huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye ardhi. Idadi ya mahema huwekewa kikomo ili magari yasiwe mengi kuliko simba. Mifugo huruhusiwa kuchungwa kwa zamu katika maeneo yaliyopangwa.

Mfumo huu umesifiwa, lakini nao una kasoro zake. Hatimiliki nyingi zimeandikwa majina ya wanaume, hivyo wanawake na vijana wasio na ardhi huona fedha zikipita mbele yao. Sheria za malisho zimewahi kuzua ugomvi wakati wa ukame. Zaidi ya hayo, janga la COVID-19 lilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, kambi zilifungwa na kodi ikapunguzwa katika hifadhi kadhaa. Wenye ardhi walijifunza kwamba kutegemea watalii pekee ni kusimama kwa mguu mmoja.

Laikipia na maeneo jirani kuna sura ya tatu, ile ya mashamba makubwa yenye mmiliki mmoja. Lewa, yenye takriban ekari 62,000, ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Mwaka 1983 sehemu yake ilitengwa kuwa kimbilio la vifaru, na mwaka 1995 ranchi nzima ikawa hifadhi. Ol Pejeta, yenye takriban ekari 90,000, hufuga ng'ombe pamoja na wanyamapori. Huko ndiko waliko Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, baada ya dume aliyeitwa Sudan kufa Machi 2018. Mashamba ya aina hii yamethibitisha kuwa ng'ombe na pundamilia wanaweza kushiriki nyasi zilezile. Lakini historia ya umiliki wa ardhi tangu enzi ya ukoloni ingali jeraha Laikipia, na jirani mwenye njaa ya malisho si rahisi kumfundisha faida za uhifadhi akiwa nje ya ua.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 iliingiza nchini chombo ambacho wengi hawakijui, nacho ni haki ya mazingira juu ya ardhi ya mtu. Kwa agizo la mahakama, shamba linaweza kuwekewa masharti ya kudumu, au ya miaka kadhaa, ili kulinda mimea, wanyama au maeneo ya wazi. Sheria inataja pia njia za kuhama za wanyamapori. Masharti hayo huambatana na ardhi yenyewe, kwa hiyo hata ikiuzwa, mnunuzi hurithi sharti. Mwenye ardhi anayepungukiwa na thamani ya mali yake ana haki ya kudai fidia.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilikwenda mbali zaidi. Iliruhusu mtu binafsi au jamii yenye ardhi inayokaliwa na wanyamapori kuanzisha hifadhi yake, ikatambua uhifadhi kuwa matumizi halali ya ardhi kama kilimo au ufugaji. Mwaka 2013 pia uliundwa muungano wa kitaifa wa hifadhi hizo. Kufikia mwaka 2016 hifadhi za jamii na za watu binafsi zilikuwa zimefikia 160, zikichukua takriban asilimia 11 ya nchi. Hilo ni eneo kubwa kuliko mbuga zote za serikali zikiwekwa pamoja.

Funzo kutoka Marekani

Wazo la kuweka masharti ya uhifadhi juu ya shamba la mtu limeenea zaidi nchini Marekani, ambako lilizaliwa na majuto. Katikati ya nchi hiyo palikuwa na nyika iitwayo prairi ya nyasi ndefu, yenye takriban ekari milioni 170. Mwaka 1837 mhunzi John Deere alitengeneza plau ya chuma iliyoweza kupasua udongo wake mzito, na katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja karibu nyika yote ikawa mashamba ya mahindi na ngano. Imebaki chini ya asilimia 5.

Sehemu kubwa ya masalio iko katika vilima vya Flint, Kansas na Oklahoma, ambako mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi yalilishinda jembe. Ardhi hiyo ni ya wafugaji binafsi. Serikali ilipoanzisha hifadhi ya kitaifa ya prairi huko Kansas mwaka 1996, ilimiliki kipande kidogo tu, na sehemu kubwa ya eneo imebaki mikononi mwa shirika lisilo la kiserikali.

Wafugaji wengi wa huko wametia sahihi mikataba ya kudumu. Ng'ombe wanaendelea kula na moto wa mpango unaendelea kuwashwa kila msimu, bali shamba halitalimwa wala kukatwa vipande milele. Mwenye shamba hulipwa tofauti ya thamani mara moja, au hupata nafuu ya kodi. Funzo kwa Kenya ni kwamba kinachohitajika ni malipo makubwa mara moja kwa ahadi ya kudumu, wala si vijishilingi vya kila mwaka kwa ahadi inayoweza kuvunjwa kesho. Funzo la pili ni la wakati. Wamarekani walianza kulinda walipokuwa wamebakiwa na makombo.

Gharama ya kulala karibu na simba

Mjadala wa malipo haukamiliki bila kutaja hasara. Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita waliokuwa wamevamia mifugo. Picha zilisambaa duniani, na lawama nazo. Wachache waliuliza nani angewalipa wenye mbuzi.

Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya hadi shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyamapori, na ikaruhusu madai ya mifugo na mazao. Hata hivyo, malalamiko ya kucheleweshwa kwa malipo yamekuwa wimbo wa miaka mingi.

Wakati mwingine ufumbuzi hutoka bomani. Richard Turere, mvulana aliyelelewa kando ya Mbuga ya Nairobi, alikuwa na umri wa miaka 11 alipobuni taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma, ili simba adhani kuna mtu anayetembea na kurunzi. Ubunifu huo umeigwa na wafugaji wengi. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja.

Wajibu wa msomaji

Huenda msomaji wa makala haya anamiliki ploti Kitengela, Isinya au Kajiado, au anaweka akiba anunue. Kununua si kosa, na mfugaji anayeuza hana kosa. Lakini yako mambo ambayo mnunuzi na raia wa jijini wanaweza kuyafanya.

Kwanza, kabla ya kulipa, ulizia katika ofisi ya kaunti iwapo eneo hilo limo katika mpango wa matumizi ya ardhi, na limetengewa nini. Upekuzi katika ofisi ya ardhi utaonyesha pia kama kuna masharti yaliyosajiliwa juu ya hatimiliki. Ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi kabla ya kuuzwa au kugawanywa, na bodi hiyo ina uwezo wa kukataa.

Pili, aliyekwisha kununua na bado hajajenga hana haja ya kuharakisha ukuta. Shamba lililoachwa wazi huweza kukodishwa kwa majirani wafugaji, na wanyama hupita.

Tatu, suala la fedha ni la kisiasa. Serikali hukusanya viingilio vya mbuga ambayo nusu ya uhai wake umo katika malisho ya mfugaji asiyelipwa kitu. Wabunge na wawakilishi wa wadi wanaweza kuulizwa ni kiasi gani cha mapato hayo kinachovuka Mto Mbagathi.

Ua wa kusini mwa mbuga umezungumzwa zaidi ya mara moja. Wanaouunga mkono husema utawalinda watu na mifugo, na wanaoupinga husema utaigeuza mbuga kuwa bustani ya wanyama. Lakini nyumba na kuta zikiendelea kujengwa ng'ambo ya mto kwa kasi ya sasa, mjadala huo utajimaliza wenyewe. Mbuga itakuwa imezungushiwa ua pande zote nne, ua uliojengwa ploti moja baada ya nyingine, bila hata mtu mmoja kuupigia kura.